Maswali na Majibu: Chimbuko la Lugha ya Binadamu

Maswali ya safari hii yote yanahusu chimbuko la lugha, mada ambayo ushahidi wake ni haba na makisio yake ni mengi mno. Ndiyo maana katika kila jibu nimejitahidi kueleza si tu kile kinachojulikana, bali pia namna kilivyopata kujulikana.

Lugha ya kwanza ya binadamu ilikuwa ipi?

Swali hili ni la kale sana. Herodotus, mwanahistoria wa Kigiriki wa karne ya 5 KK, anasimulia kwamba mfalme Psammetichus wa Misri aliwakabidhi watoto wachanga wawili kwa mchungaji na kuamuru kwamba mtu yeyote asitamke neno mbele yao, ili ijulikane wao wenyewe wangeanza na neno gani. Baada ya miaka miwili walitamka "bekos", ambalo kwa Kifrigia, lugha ya kale ya eneo la Uturuki ya leo, lilikuwa na maana ya mkate, na mfalme akakiri kwamba Wafrigia ni wakongwe kuliko Wamisri. Kosa la jaribio hilo, mbali na ukatili wake, ni kudhani kwamba mtoto huzaliwa na lugha fulani kichwani, ilhali anachozaliwa nacho ni uwezo wa kuipokea lugha ya wanaomzunguka, iwe ipi.

Wanaisimu hufuata njia nyingine, ile ya kulinganisha lugha. Mwaka 1786, huko Calcutta, William Jones alieleza kwamba Kisanskriti (lugha ya kale ya India), Kigiriki na Kilatini vinafanana kwa kiasi ambacho hakiwezi kuwa cha bahati, na kwamba lazima vimetoka katika chimbuko moja ambalo huenda halipo tena. Njia hiyo imezaa matunda mengi, lakini wengi wa wataalamu wanakubali kwamba haiwezi kuturudisha nyuma zaidi ya miaka 10,000 hivi, kwa kuwa maneno hubadilika na dalili za undugu hufutika. Mabaki ya Homo sapiens, yaani binadamu wa aina yetu, yaliyopatikana Jebel Irhoud, Moroko, yana umri wa takriban miaka 300,000. Kwa pengo kubwa kiasi hicho, anayedai kuitambua lugha ya kwanza anadai asichoweza kukithibitisha. Chama cha Isimu cha Paris kiliwahi hata kuandika katika katiba yake ya mwaka 1866 kwamba hakitapokea andiko lolote kuhusu chimbuko la lugha. Naelewa walivyochoshwa na nadharia zisizo na ushahidi, ingawa sioni kwamba kufunga mjadala kulikuwa dawa.

Wanyama nao huwasiliana. Kwa nini tuseme hawana lugha?

Huwasiliana, tena kwa ustadi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1980, Robert Seyfarth, Dorothy Cheney na Peter Marler waliwachezea tumbili wa Amboseli, Kenya, sauti za tahadhari za tumbili wenzao zilizorekodiwa, ilhali hakukuwa na adui yeyote karibu. Waliposikia sauti ya chui, walikimbilia mitini. Waliposikia ya tai, walitazama juu au kujificha vichakani. Waliposikia ya nyoka, walisimama kwa miguu ya nyuma na kukagua nyasi. Sauti yenyewe, basi, ilibeba habari. Nyuki pia, kama alivyoonyesha Karl von Frisch, hucheza ngoma inayowajulisha wenzao upande na umbali wa chakula.

Hata hivyo, tumbili hasimulii habari za chui wa jana, wala haunganishi sauti zake kueleza kwamba leo hakuna chui. Binadamu huchukua vipashio vichache visivyo na maana vyenyewe, akaunda maneno, kisha akayapanga kwa sarufi na kupata sentensi zisizo na kikomo kuhusu yaliyopita, yajayo na hata yasiyowezekana.

Je, ni kweli kwamba sokwe hasemi kwa sababu ya umbo la koo lake?

Hayo yalifundishwa kwa miaka mingi. Philip Lieberman na wenzake walisema mwishoni mwa miaka ya 1960 kwamba zoloto (kiungo cha kooni kinachotoa sauti) la binadamu limeshuka chini kooni na kuipa sauti nafasi ya kutoa irabu mbalimbali. Baadaye ilionekana kwamba hata kulungu wekundu dume wana zoloto lililoshuka, na mwaka 2016 Tecumseh Fitch na wenzake walitumia picha za eksirei kuonyesha kwamba koo na kinywa cha nyani aina ya makaki vinaweza kutoa irabu za kutosha kwa usemi unaoeleweka. Kinachokosekana kimo zaidi katika ubongo unaoviongoza viungo hivyo.

Kuhusu jeni iitwayo FOXP2, iliyotambuliwa mwaka 2001 kwa kuchunguza ukoo mmoja wa Uingereza wenye matatizo makubwa ya usemi, tusiiite "jeni ya lugha" kama wengine walivyoiita. Panya na ndege pia wanayo, japo kwa tofauti ndogo.

Kuna mtu aliyewahi kushuhudia lugha mpya ikizaliwa?

Ndiyo, na kwangu hili ndilo jambo la thamani kuliko yote katika mada hii. Kabla ya mwishoni mwa miaka ya 1970, viziwi wengi wa Nikaragua waliishi mbalimbali, kila mmoja akiwa na ishara chache za nyumbani kwao. Kisha shule ikafunguliwa Managua, na mamia ya watoto viziwi wakakutana. Walimu walijaribu kuwafundisha Kihispania kwa kusoma midomo, bila mafanikio makubwa, lakini uwanjani na ndani ya mabasi watoto walikuwa wakiwasiliana wenyewe kwa ishara. Mwaka 1986 mwanaisimu Judy Kegl aliitwa kusaidia, akakuta kwamba watoto wadogo walitumia ishara hizo kwa ufasaha na mpangilio kuliko wakubwa waliowatangulia.

Utafiti wa Ann Senghas na wenzake, uliochapishwa mwaka 2004, unaonyesha kilichotokea. Viziwi wa vizazi tofauti vya shule walitazama katuni ya paka aliyemeza tufe zito kisha akabiringika kuteremka barabara yenye mteremko mkali, wakaombwa wasimulie. Wa kundi la kwanza mara nyingi walionyesha kubiringika na kuteremka kwa mwendo mmoja wa mkono, kama afanyavyo mtu yeyote anayeigiza tukio. Waliojiunga baadaye wakiwa wadogo walitenganisha: ishara ya kubiringika, kisha ishara ya kuteremka. Tukio halisi halina mgawanyiko huo. Ni watoto walioligawa, na kipande kilichotengwa kinaweza kuunganishwa na vingine kusema jambo jipya kabisa.

Hakuna aliyewafundisha kufanya hivyo. Vilevile, hakuna mtoto aliyefanya hivyo akiwa peke yake nyumbani, kwa kuwa walihitaji wenzao na walihitaji wadogo wa kuwapokea. Ndiyo sababu naamini kwamba chimbuko la lugha litafahamika zaidi kwa kuchunguza watoto walio pamoja kuliko kwa kupima mifupa ya koo.

Je, lugha isiyo na maandishi ni lugha pungufu?

Hapana. Maandishi ya kwanza yanayofahamika, ya Uruk katika Iraki ya leo, ni ya takriban mwaka 3300 KK, na yalitumika kuweka hesabu za nafaka, mifugo na vibarua. Uchina na Amerika ya Kati walibuni yao wenyewe baadaye. Kabla ya hapo binadamu wote walizungumza bila kuandika, wakiwa na sarufi kamili. Kati ya lugha zinazokaribia 7,000 zilizopo leo, nyingi bado hazina mazoea ya kuandikwa, na watoto wa wazungumzaji wake huzijua kwa umri uleule ambao watoto wengine huzijua lugha zao.