Je, mwili unaweza kuzoeshwa vumbi hadi chafya zipungue?

Ndugu uliyeuliza kama ukifagia kila asubuhi bila kufunika pua mwili utazoea vumbi, jibu langu ni hapana, ingawa wazo lenyewe lina msingi. Mwaka 1911 daktari Leonard Noon wa London alieleza jinsi alivyowadunga wagonjwa sindano za chavua ya nyasi, akianza na kiasi kidogo na kukiongeza taratibu, na matibabu ya namna hiyo yanatumika hadi leo. Anayefagia, kinyume chake, hajui amevuta nini wala kiasi gani, na pua yake huendelea kuvimba tu.

Hapa Tororo wengi hulaumu vumbi jekundu la barabarani, lakini kipimo cha ngozi nilichofanyiwa Nairobi kilionyesha kwamba kinachonisumbua ni utitiri, yaani vijidudu visivyoonekana kwa macho ambavyo huishi kwenye magodoro na mito. Daktari alidondosha matone mbalimbali mkononi, akachoma kidogo juu ya kila tone, na baada ya dakika 15 hivi palipokuwa na tone la utitiri pakawa pamevimba na kuwasha. Vidonge vya aleji kama Piriton na setirizini huachwa siku kadhaa kabla ya kipimo hicho, la sivyo huficha majibu.

Ili kuzoesha mwili kwa njia hiyo ya Noon, nilichagua matone ya utitiri ya kuweka chini ya ulimi badala ya sindano, kwa kuwa sindano hudungwa kliniki mara kwa mara na safari ya Nairobi si ya kila wiki. Unayashikilia hapo kwa dakika mbili, kisha unameza. Mwanzoni ulimi uliwasha hadi ndani ya masikio, jambo la kawaida ambalo kwangu lilipungua lenyewe. Dawa yangu hukaa kwenye friji, na kwa umeme wetu huu hilo nalo ni kazi.

Nafuu haiji upesi: husubiriwa kwa miezi, na matibabu kamili huchukua miaka 3 au zaidi, kwa gharama isiyo ndogo. Mimi sasa naamka pua ikiwa wazi, ingawa dawa ya kupuliza puani sijaiacha kabisa, na mashuka bado yanafuliwa kwa maji ya moto. Kama una pumu isiyotulia, mweleze daktari kabla ya yote, kwa sababu matibabu haya yanaweza kuibana pumzi, na ndiyo maana dozi ya kwanza humezwa mbele yake, ukabaki hapo nusu saa ukiangaliwa.