Maswali Yenu: Kelele Nilizozirudia Mwaka 2024

Toleo lililopita niligusia juu juu tu kwamba 2024 ulikuwa mwaka mtamu kwa wapenzi wa metali kali na metali ya majaribio, ule muziki wa roki wa gitaa nzito na mayowe, basi simu haijalala. Nimechagua maswali matano, mengine tusameheane, nafasi ni hii hii.

SWALI: Kaka habari za kazi. Ulisema metali ya 2024 ilikuwa moto alafu ukatuacha hivihivi. Tutajie albamu zako, na usitajie mia, taja zile ambazo mwenyewe umezirudia. (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Kazi njema ndugu yangu, na hilo neno la kurudia umenipa kipimo kizuri sana maana albamu za kusifia ni nyingi ila za kurudia chache, mi mwenyewe kuna moja niliwapigia washkaji kelele mwezi wa tatu na mpaka leo sijaigusa tena.

Niliyoirudia kuliko zote ni ya Ulcerate, jamaa watatu wa Auckland, New Zealand. Ilitoka mwezi wa sita, inaitwa Cutting the Throat of God, na hilo jina sikutafsirii hapa kwa sababu hili gazeti linaingia kwenye nyumba za watu. Ni dethi metali, yaani metali ya mkoromo na dramu za kasi, lakini sio ile ya kukukimbiza mwanzo mwisho. Ukitaka kuwaelewa hawa jamaa anza kumsikiliza mpiga dramu, anaitwa Jamie Saint Merat, achana na gitaa kwanza, sikiliza yeye tu. Hapigi mdundo ukatulia ukaanza kutikisa kichwa, hapana, anaumwaga kama masika inavyopiga bati, inapungua unadhani imekata, mara inarudi na upepo wake, na wakati huo gitaa la Michael Hoggard linapita katikati linalia kwa noti zilizopinda ambazo mara ya kwanza unaona kama kakosea na mara ya nne unazisubiri. Na huyo huyo wa dramu ndo anayesimamia sauti za albamu zao, na kava anatengeneza yeye. Mi nilianza kuisikiliza usiku umeme umekatika Tabata, hedifoni masikioni, simu ina asilimia 19, nikasema naskiza mbili nalala. Zipo saba. Simu ilizima kwenye ya saba, nikakaa gizani kama mtu aliyefungiwa mlango, kesho yake ikabidi niianze upya yote kwa ajili ya ile dakika chache ya mwisho.

Ya pili, Absolute Elsewhere ya Blood Incantation, wa Denver, Marekani, mwezi wa kumi. Najua wengi mngeiweka ya kwanza na wala siwalaumu. Nyimbo mbili tu, The Stargate na The Message, kila mmoja umekatwa vipande vitatu wanavyoviita vibao, kama vile vibao vya udongo walivyoandikia watu wa kale, na jumla ni kama dakika 43 hivi. Walienda kurekodi Berlin kwenye studio za Hansa, kule kule yule mwanamuziki wa Uingereza David Bowie alikorekodi miaka ya 70, na kwenye kibao cha pili cha The Stargate wakamwalika Thorsten Quaeschning wa Tangerine Dream, bendi ya Ujerumani ya muziki wa vinanda vya umeme, kwahiyo unakuwa kwenye dethi metali ya kuvunja shingo alafu ghafla mlango unafunguka umo kwenye sinthesaiza, hivyo vinanda vya umeme, za anga za juu, unaelea, hujui miguu iko wapi. Raha tupu. Ila mi nikifika mara ya kumi nilianza kuona mishono, hapa kipande cha metali kimeisha, hapa cha kinanda kimeshonewa. Kwa Ulcerate mshono siuoni mpaka leo, na hiyo ndo tofauti ya namba moja na namba mbili.

Ya tatu ni Muuntautuja ya Oranssi Pazuzu wa Finland. Jina la albamu ni Kifini, maana yake kiumbe kinachojigeuza umbo, na ndivyo ilivyo, zamani walikuwa blaki metali, ile ya mayowe makali na giza, iliyolewa muziki wa saikedeliki, ule wa kukupeleka ndotoni, safari hii wameingiza na midundo ya mashine na besi chafu ya elektroniki mpaka spika zangu zikaanza kukohoa. Wanaimba Kifini kwahiyo sielewi neno hata moja, sio mbaya, hata wanaoimba Kiingereza huku hamna anayewaelewa.

Ya nne ni The Adept ya Lord Spikeheart, hiyo nitaieleza kwa msomaji wa Nairobi hapo chini kwa sababu alishaanza kunitisha kabla sijasema kitu.

Nyingine chapchap. Bendi ya Sumac, albamu The Healer: nyimbo nne, dakika 76, wa kwanza peke yake unapita dakika 20, na mtu akiniambia huo ni mrefu namuuliza mbona kwenye taarabu unakaa robo saa unasubiri beti na hulalamiki, tena unainuka kutunza. Thou wa Louisiana, Umbilical, nzito kama gunia la mkaa mbichi. Tzompantli wa California wanachanganya dethi metali na ngoma za wenyeji wa Mexico, hii ipige kwenye spika kubwa, kwenye simu unaionea. Chat Pile wa Oklahoma City, Cool World, sio metali kamili ila inakera vizuri.

SWALI: Mwandishi, mimi ni mama, kijana wangu yuko kidato cha tatu. Anajifungia chumbani anasikiliza mtu anakoroma kama anachinjwa. Nimeuliza naambiwa ni metali. Je, huu si ushetani? Na koo la hao watu halichaniki? Yeye naye ameanza kujaribu. (Mama, Tanga)

JIBU: Shikamoo mama. Sitakudanganya kwamba hamna mambo ya shetani, yapo, kuna bendi zimejenga jina kwa hayo, hata hao Oranssi Pazuzu niliowasifia hapo juu, hilo Pazuzu ni jina la pepo mbaya wa upepo wa watu wa Babeli ya kale, na neno la kwanza maana yake ni rangi ya chungwa. Yaani pepo la rangi ya chungwa. Sasa mtu aliyejipachika jina hilo mama, nusu yake anakutania. Wengi wao wanaimba vifo, vita, upweke, hasira za kazini, watu kudhulumiwa, vitu ambavyo hata kwenye taarifa ya habari saa mbili usiku unavikuta. Muulize kijana akuoneshe maneno ya wimbo anaoupenda zaidi, usianze kwa kumkaripia, keti naye. Kama anapenda yale ya chuki, na yapo, hapo ongea naye kama mzazi.

Na huna haja ya kujiona mshamba, mwezi wa 11 mwaka huo huo wa 2024 bendi ya Knocked Loose walipiga kwenye kipindi cha usiku cha Jimmy Kimmel kule Marekani wakiwa na dada anaitwa Poppy, anapiga mayowe yule dada usipime, na wapo wazazi waliolalamika kwamba watoto wao wametishika. Kwahiyo mko wengi.

Koo sasa. Mkoromo ule hautoki kwenye nyuzi za sauti peke yake, anayejua anatumia zile nyama zilizo juu ya nyuzi za sauti, na pumzi inasukumwa kutoka tumboni, koo linalegea. Ndo maana waimbaji wanapiga shoo usiku baada ya usiku na asubuhi wanaongea kawaida. Anayeumia ni yule anayekaza shingo mishipa ikamtoka, na nahisi kijana wako yuko kundi hilo. Mwambie akisikia inawasha aache, anywe maji, na asifanye kila siku. Na mama, afunge dirisha.

SWALI: Sasa bro. Ukiandika hiyo list yako na Spikeheart akose, ama umpake mafuta juu tu ni wetu, tutakosana. Na waambie watu Duma si mnyama. (Msomaji, Nairobi)

JIBU: Hahaha, hapo umeniwekea mtego pande zote mbili, nikimkosa kosa, nikimsifu kosa.

Tuanze na mnyama. Kwa Kiswahili duma ni yule mwenye mbio, lakini Martin Kanja, ndo huyo Lord Spikeheart, na mwenzie Sam Karugu walipoita bendi yao Duma walichukua Kikuyu, giza. Albamu yao ya 2020 ilitolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala na ndo iliyowafanya watu wa nje waanze kuuliza kumbe Nairobi kuna metali, wakati nyie mnaumizana shingo kwenye shoo za huko miaka mingi tu. The Adept ni yake peke yake, ilitoka mwezi wa nne 2024 kwenye lebo yake mwenyewe, Haekalu.

Kilichonishika kwanza ni stori iliyo nyuma yake. Jamaa ni kitukuu wa Muthoni wa Kirima, yule mama wa Mau Mau, mwanamke pekee aliyepewa cheo cha juu kabisa cha ujemadari, aliyekaa msituni mpaka uhuru unakuja 1963, na nywele zake za msituni hakuzikata mpaka 2022, mwaka mmoja tu kabla hajafariki. Albamu ni ya kumuenzi yeye. Sasa ukishajua hilo ule ukelele unabadilika, mi mwanzo niliusikia kama mtu ana hasira na dunia nzima, baadae nikausikia kama mtu anaita jina.

Kwanini basi ya nne na sio ya kwanza? Wageni. Kaita watu wengi mno, maprodyuza huku, marapa kule, yupo Backxwash mzaliwa wa Zambia anayeishi Canada na yeye anafaa kabisa, lakini kuna nyimbo zinachemka tu kidogo zinaepuliwa, anakuja mgeni mwingine na sufuria lake. Ningetaka dakika saba za Spikeheart na mdundo mmoja, asindikizwe na mtu mmoja, basi. Ningemweka ya kwanza juu ni wa Nairobi ndo ningekuwa nampaka mafuta, na wewe mwenyewe umenikataza.

SWALI: Mimi nadhani hizo dramu ni kompyuta, hamna binadamu anapiga vile. Metali ni fujo tu, bora singeli. (Mdau wa Mburahati, Dar)

JIBU: Wewe wa Mburahati ndo wa kuniambia metali ni fujo? Mtaani kwenu ndo kuna studio ya Sisso, singeli inakimbia mipigo 200 kwa dakika na kuendelea, kuna zinazogonga 300, watoto wanacheza na wala hawajikwai. Ile mipigo ya mbio ya metali, dramu ndogo na matoazi kwa mikono, dramu kubwa kwa miguu miwili, mara nyingi iko humo humo kwenye spidi zenu, tena ya metali ndo inapigwa na mkono wa mtu. Sio zote, wapo wanaotumia mashine na hawafichi, Duma wenyewe walitumia. Na lebo iliyowatoa Duma ndo ile ile iliyotoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso mwaka 2017, kwahiyo huko Kampala waliwasikia nyote wawili wakaona ni ndugu. Nyie tu mtaani ndo hamjasalimiana.

SWALI: Kaka mimi hiyo metali nimeiona mara moja tu, ufunguzi wa Olimpiki Paris, watu wamesimama kwenye madirisha ya jengo la zamani na moto. Nilipenda ila naogopa kuanza. Niingilie wapi? Na je, majirani zako wanakuvumilia? (Dada, Muscat)

JIBU: Uliowaona ni Gojira, Wafaransa, tarehe 26 mwezi wa saba, na lile jengo ni Conciergerie, gereza alilowekwa Marie Antoinette kabla hajakatwa kichwa, ndo maana uliona wanawake wameshika vichwa vyao mikononi. Wimbo wenyewe ni wa enzi za Mapinduzi yao, wakaufanya metali, na yule dada aliyepita kwenye boti akiimba opera ni Marina Viotti. Kama ule ulikufaa, usianze na namba moja yangu, utanichukia. Anza na Arka'n Asrafokor wa Lomé, Togo, albamu yao Dzikkuh ya mwaka huo huo, wanaimba na Kiewe, ngoma za kwao zimo, metali yake sio ya kuua, mwili utaitambua kabla ya sikio. Baada ya hapo Blood Incantation, usiku, taa umezima, na bando lisikuishie katikati. Ulcerate subiri mpaka umeshazoea, kama miezi mitatu hivi.

Majirani? Siku ya kwanza nilipopiga The Adept kwenye spika, mama wa chumba cha pili alikuja kugonga akiwa na mwiko mkononi, akijua napigwa. Nikamfungulia, akachungulia ndani, akaniona niko peke yangu na kikombe cha chai. Akauliza, "Sasa huyo anayelia yuko wapi?" Nikamuonesha spika. Akakaa kimya kidogo, akasema punguza, mtoto amelala, lakini huyo kaka apewe maji.