Fayawoli Nyuma ya Modemu: Taa Zinawaka, Intaneti Haipatikani

SWALI: Mhariri, pokea salamu kutoka Tanga. Ninaendesha duka la dawa lenye kompyuta nne, printa moja na kamera za ulinzi, na intaneti yetu ni ya faiba kupitia modemu tuliyofungiwa na mtoa huduma. Baada ya kirusi kuharibu mafaili yetu ya hesabu, nilinunua kompyuta ndogo yenye poti mbili za mtandao, nikasimika pfSense, programu ya fayawoli (kinga inayochuja data inayoingia na kutoka kwenye mtandao), kisha nikaiweka kati ya modemu na swichi. Tangu hapo hakuna kompyuta inayopata intaneti, ingawa taa zote zinawaka. Nikirudisha waya wa swichi kwenye modemu, intaneti inarudi. Tatizo ni nini? Na je, nitaweza kuziona kamera nikiwa nyumbani?

JIBU: Ndugu msomaji, pole kwa hasara ya mafaili. Kwa maelezo yako, sidhani kama kifaa ulichonunua ni kibovu. Ninachokishuku kwanza ni mgongano wa anwani. pfSense ikisimikwa upya hujipa anwani 192.168.1.1 upande wa ndani, yaani LAN, na modemu nyingi nazo hutumia anwani hiyohiyo. Matokeo yake, poti ya WAN inayotazama modemu hupewa, kwa mfano, 192.168.1.7 na kuelekezwa kwamba njia ya kutokea nje ni 192.168.1.1, ilhali fayawoli inaitambua anwani hiyo kuwa ni yake yenyewe. Taa zinawaka kwa kuwa nyaya ni nzima, lakini data haina pa kupitia.

Chomoa waya unaotoka kwenye modemu, kisha unganisha skrini na kibodi kwenye hiyo kompyuta ndogo. Utaona orodha yenye namba. Chagua namba 2, ya kuweka anwani za poti, halafu chagua LAN. Andika 192.168.50.1, na utakapoulizwa idadi ya biti andika 24. Itakapokuuliza anwani ya kutokea nje, bonyeza Enter bila kuandika kitu, kwa sababu upande wa LAN hauihitaji. Kubali DHCP, yaani huduma inayozigawia kompyuta anwani zenyewe, na uipe nafasi ya kugawa kuanzia 192.168.50.100 hadi 192.168.50.200. Sasa rudisha waya wa modemu, kisha chomoa na uchomeke tena waya wa kila kompyuta ya dukani ili iache anwani ya zamani.

Ikiwa bado intaneti haipatikani, usibadilishe mambo matano kwa pamoja. Kutoka kwenye kompyuta mojawapo, tumia amri ya ping, inayopima kama anwani fulani inajibu, kwa mpangilio huu: kwanza 192.168.50.1, ambayo ni fayawoli, pili 192.168.1.1, ambayo ni modemu, tatu 8.8.8.8, iliyoko nje kabisa. Mwisho jina la tovuti yoyote unayoifahamu. Palipokatika ndipo penye kasoro. Namba zikijibu lakini jina likakataa, basi kilichobaki ni DNS tu, yaani huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa namba ya anwani.

Wengine watakuambia uigeuze modemu iwe daraja, ili fayawoli ipokee anwani ya intaneti moja kwa moja na kuepuka kubadilisha anwani mara mbili, yaani NAT mbili. Mimi sikushauri uanze na hilo. Kwa kuuza, kutuma barua pepe na kufungua tovuti, NAT mbili haina madhara ya kuonekana. Daraja lina gharama zake: iwapo huduma yako ni ya PPPoE, yaani ile ya kujitambulisha kwa mtoa huduma kabla ya kupata intaneti, utahitaji jina na nywila ambazo kwa kawaida anazo mtoa huduma, na simu ya mezani inayopitia modemu hiyo inaweza kunyamaza.

Suala la kamera linahitaji uangalifu zaidi. Fungua ukurasa wa hali ya modemu, uitazame anwani yake ya WAN. Ikiwa inaanza na 10, au imo kati ya 100.64 na 100.127, ujue mtoa huduma amewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na hata daraja halitakusaidia. Itakubidi uombe anwani ya umma. Ukishakuwa nayo, tafadhali usifungue poti ya kamera (hapa poti ni mlango wa namba katika programu, si tundu la waya) kuelekea intaneti. Mwaka 2016 programu hasidi iliyoitwa Mirai ilivamia kamera na rekoda nyingi duniani kwa kujaribu tu nywila zilizowekwa kiwandani. Tumia OpenVPN, programu ya kuunda njia ya siri kati ya simu yako na mtandao wa duka, ambayo imo ndani ya pfSense: modemu ielekeze poti ya UDP 1194 kwenye fayawoli, nayo fayawoli iruhusu poti hiyo peke yake. Simu yako ikishaunganishwa kwa njia hiyo, itaziona kamera kana kwamba uko dukani.

Jambo ambalo watu wengi hulisahau, nami naliona kuwa zito kuliko yote, ni WiFi ya modemu. Kompyuta au simu iliyounganishwa nayo iko nje ya fayawoli, na kanuni zako zote haziihusu. Izime, ununue kifaa cha WiFi cha kuchomeka kwenye swichi, na uhakikishe kwamba modemu ina waya mmoja tu, ule unaokwenda kwenye fayawoli. Badilisha pia nywila ya pfSense, kwa kuwa ile ya mwanzo inajulikana na kila mtu.

Kuhusu kirusi kilichokupata, fayawoli haitazuia faili lililoletwa kwa flashi, wala kiambatisho cha barua pepe ambacho mfanyakazi amekifungua mwenyewe. Nakili mafaili ya hesabu kila jioni kwenye diski ya nje, na ukimaliza kunakili uichomoe, kwa sababu kirusi kinachoharibu mafaili huifikia pia diski iliyoachwa imechomekwa.