Maalim akiondoka, andika alichokupa

Maalim wangu wa tenzi alifariki Alhamisi usiku, tukamzika Ijumaa baada ya sala. Kufikia magharibi simu yangu ilikuwa imejaa rambirambi: tumepoteza hazina, pengo halitazibika, maktaba imeungua. Nami niliandika hayo hayo. Wiki tatu baadaye kijana mmoja anayeandika tasnifu akaniuliza, "Kwani Maalim alikufundisha nini hasa?" Nikababaika. Nilikaa naye barazani miaka kumi na moja, na jibu nililopata ni kwamba alikuwa mtu mkarimu.

Swali lile halikuniacha nilale. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa aliyefiwa na mwalimu ni huu: kabla ya arobaini, kaa uandike alichokupa, kimoja kimoja. Sifa zake zitasemwa na wengi. Wewe andika somo lenyewe, siku yenyewe, na karatasi iliyokuwa mbele yenu.

Mimi nilianza na neno moja. Tulikuwa tunasoma mswada wa hati za Kiarabu, na katika miswada mingi ya zamani herufi moja ya be hubeba sauti ya b, ya p, na hata ya mb. Mimi nikasoma "pata". Maalim hakunikatiza. Aliningoja nimalize ubeti, kisha akaigeuza penseli, akaligusa neno kwa upande wa kifutio ili asiitie karatasi alama. "Mwanangu, mshairi yuko shambani kwenye minazi. Wewe uko wapi?" Neno lilikuwa "mbata", ile nazi iliyokaukia ndani ya kifuu chake. Kuhesabu mizani, yaani silabi za mstari, kusingenisaidia, maana pata na mbata zote ni mizani mbili. Tangu siku ile sisomi neno kabla sijajua mshairi amesimama wapi. Hilo ndilo nililopaswa kumjibu yule kijana.

Ukishaandika, taja jina. Hapa sisi watu wa Kiswahili tuna deni kubwa. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa yangepotea mengi lau si Mwalimu Sikujua, aliyemsaidia mmishonari William Taylor kuyakusanya na kuyaeleza mwishoni mwa karne ya 19. Diwani yenyewe ilichapishwa 1940, ikihaririwa na William Hichens. Muyaka anajulikana, na wahariri wanatajwa kwenye kila tasnifu. Sikujua, ambaye bila yeye wahariri wasingekuwa na cha kuhariri, mara nyingi hupewa mstari mmoja. Tazama pia neno "runinga". Wakenya wanalitamka kila siku, na wengi hawajui kwamba lilibuniwa na Sheikh Ahmed Nabhany wa Lamu, aliyefariki 2017, mtu ambaye watafiti kutoka pande nyingi za dunia walimwendea kujifunza. Kwa hiyo somo ulilopewa kwa mdomo barazani lipe jina la mwenyewe ndani ya kazi yako, pale pale unapolitumia. Ukurasa wa shukrani peke yake hautoshi.

Kuna na kazi aliyoiacha nusu. Mathias Mnyampala alifariki 1969, Shihabuddin Chiraghdin akafariki 1976, na Historia ya Kiswahili, kitabu chenye majina yao wawili, kikatoka 1977. Kila ninapokifungua nawaza kwamba waandishi wote wawili hawakukishika mkononi. Wapo waliohakikisha kimefika kwetu. Kama marehemu wako ameacha mswada, ulizia mapema uko wapi na nani anaweza kuumaliza, kabla mvua na mchwa havijaamua.

Lakini nenda kwa adabu. Ninaifahamu familia moja iliyotembelewa na mgeni msomi wiki ya msiba. Aliondoka na sanduku la karatasi kwa ahadi ya kulirudisha. Mpaka leo wanangoja. Mfiwa akikupa sanduku wakati ule, hajakupa kwa hiari. Amekupa kwa sababu hana nguvu za kukataa. Subiri. Omba ruhusa kwa watoto wote, piga picha kurasa pale pale nyumbani, karatasi zibaki kwa wenyewe na nakala uwape. Kaseti ziandike tarehe na jina la anayesema. Sauti isiyo na jina, baada ya miaka ishirini haimsaidii yeyote.

Na mahali mlipobishana, paandike pia. Maalim wangu aliamini mashairi huru, yale yasiyofuata vina na mizani, si mashairi, mimi sikukubali, na tulivutana sana. Kumbukumbu isiyo na mvutano ule haimhusu yeye.

Jambo moja nililichelewa, nanyi msilichelewe. Mwaka jana nilikuta kwenye kabati langu kaseti yake niliyoiazima, sikuwahi kuirudisha. Niliipeleka kwa mjane wake. Tukaazima redio kwa jirani, tukakaa ukumbini kuisikiliza. Sauti ya Maalim inaeleza kina cha kati, anarudia, ananisubiri niandike. Nyuma yake, kwa mbali, sauti ya mwanamke inaita kwamba chakula kimeiva. Inaita tena. Miaka yote nilijua kwamba Maalim alinipa wakati wake, na kamwe sikujiuliza wakati ule ulitolewa wapi. Nilimshukuru yeye mara elfu. Mama huyu, aliyenipikia na kuningoja niondoke, sikuwahi kumwambia neno. Siku ile nilimwambia.

Akacheka kidogo, macho yake yakiwa kwenye redio. "Hata siku hiyo hakuja," akasema. "Wali ulipoa."