Mnaokuja kufunga matenki ya mvua Mtwara, msigawanye kwa 12

Kila mwaka tunapokea vijana wa fildi hapa Mtwara, wengine wametoka Dar wengine Arusha, na karibu wote wanakuja na hesabu ileile kwenye simu, mvua ya mwaka zidisha ukubwa wa paa, gawa kwa miezi 12, jibu linalotoka wanaliita maji ya kila mwezi na hapohapo wanachagua tenki. Wadogo zangu, hiyo hesabu niliipiga na mimi na ikaniaibisha mbele za watu, ngoja niwaeleze.

Dar wana vuli na wana masika, mvua inapumzika halafu inarudi, kwahiyo tenki linapata kujazwa mara mbili. Huku hamna kitu hicho. Ukanda wa mvua unashuka kusini mwisho wa mwaka, unatukuta, unakaa, unarudi zake, basi. Msimu ni mmoja tu, kuanzia Novemba au Desemba mpaka Aprili, ikijivuta sana katikati ya Mei, baada ya hapo ni kusi na kiangazi, unaweza kumaliza miezi sita unaona vimvua vya kulowesha vumbi tu. Na namba ya mwaka ndo inayodanganya watu, maana Mtwara mjini inacheza kwenye milimita 1,000 hivi, ukiiona kwenye karatasi unasema mbona maji yapo. Yapo kweli, ila yanakuja yote kwa mkupuo.

Sasa kazi yangu ya kwanza ilikuwa jengo moja nje kidogo ya mji, jina naliacha. Paa la bati meta 8 kwa 10. Milimita moja ya mvua ikianguka kwenye skwea mita moja ni lita moja, hiyo ishike kichwani maana ndo fomula yenyewe, kwahiyo 80 mara 1,000 ni lita 80,000, toa moja ya tano kwa yanayoruka nje ya gata na yanayokauka juani, inabaki 64,000. (Pima paa kwa chini, urefu na upana wa eneo linalofunikwa nalo, usipande kupima mteremko wa bati, nimeona watu wanajiongezea maji ambayo mawingu hayajui.) Nikagawa kwa 12, nikaona lita 5,000 na ushee kila mwezi, nikafunga tenki la 5,000. Tukakabidhi Februari maji yanamwagika, picha zikapigwa, mimi najiona mhandisi.

Mwisho wa Juni simu, "fundi, tenki lako limekauka." Nikajua limetoboka, nikaenda na gundi kabisa. Hakuna tundu! Walikuwa watu 6, kila mtu ndoo moja ya lita 20 kwa siku, hiyo ni 120, na 5,000 ukigawa kwa 120 unapata siku 41. Hesabu siku 41 toka mvua ilipokata katikati ya Mei uone unaangukia wapi. Kumbe swali sio paa linatoa kiasi gani, paa la huku linatoa maji ya kutosha na kuzidi, swali ni tenki lina uwezo wa kuvuka siku 200 bila kuongezewa? Kwa watu wale ilitakiwa lita 24,000, na bajeti ya hapo ilikuwa haifiki hata nusu.

Hapa ndo panapotaka akili, maana kwenye kitabu unaambiwa ongeza tenki na mwenye nyumba anakwambia sina hela. Mi siku hizi nauliza kwanza haya maji ni ya kazi gani. Visima vingi vya karibu na bahari vina chumvichumvi lakini kwa kufua na kudekia havina neno. Ya kunywa na kupikia mtu mmoja anatosheka na lita 5 kwa siku, watu 6 ni 30, mara siku 200 ni 6,000. Umeona? Tenki lilelile nililotukaniwa linakaribia kuvusha kiangazi kizima, ila kwa masharti kwamba Aprili hakuna kufulia maji yake, Aprili ni mwezi wa kulijaza mpaka linafurika.

Na mvua za mwisho zina vituko vyake. Kimbunga kilichopiga Lindi mwaka 1952 kilikuja Aprili, Kenneth ya 2019 iliyoangukia ng'ambo ya Ruvuma, Cabo Delgado huko Msumbiji, nayo Aprili, Hidaya ya 2024 ilikuja Mei tukajua mvua zimeshaaga na barabara ya Dar ikakatika. Kwahiyo vishikio vya gata vikazwe imara, na tenki tupu lifungwe kamba, likijaa lenyewe haliendi kokote, lita 5,000 ni tani 5. Hizo tani 5 pia ndo sababu ya kutoliweka juu ya mchanga wetu huu bila zege.

Data za mvua zifuate TMA, yaani Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, omba za miaka mingi, na usichukue wastani, panga miaka kutoka mbaya kwenda mzuri uchukue ule ambao miaka minane kati ya kumi inaufikia. El Nino usiitegemee sana, inavyoshika huko kaskazini huku haishiki vile.

Kitu kingine ambacho Dar huwezi kufundishwa ni salfa. Kuanzia Juni hivi watu wanapuliza mikorosho, unga unaruka, unatua kwenye mabati ya jirani na unakaa hapo pamoja na vumbi na kinyesi cha kunguru mpaka mvua ya kwanza. Kawaida mtu anamwaga lita 40 mpaka 80 za mwanzo kwa paa kama lile, mi penye mikorosho karibu nachomoa bomba, mvua mbili za kwanza zote ziende chini, kina mama wanalalamika, na mimi naona maji yanapotea, lakini bomba sirudishi. Ya kunywa yachemshwe hata hivyo. Na wavu wa mbu kwenye ovafloo tafadhali, dengue haichagui maji ya bomba wala ya mvua.

Lile jengo tulirudi tukaongeza tenki la pili, tukachonga fimbo ya kupimia yenye alama za mwezi kwa mwezi, anayeshika ufunguo wa koki ni mama mmoja mkali sana. Novemba mvua ilipoanguka, fimbo ilikuwa inalowa kidole kimoja juu ya koki.