Ziwa lipi ni kubwa?

Wiki hii mmetuuliza: mdahalo una tofauti gani na ubishi wa kawaida, na je, una kazi gani kwa mtu aliyekwisha kumaliza shule? Nimeona nijibu kwa kirefu kwa sababu jambo hili limenigusa kazini. Mimi naanika na kuuza dagaa mwalo wa Igombe, hapa Mwanza.

Nianze na kijiwe cha kahawa kule Kirumba. Jumapili moja nilikuwa namsubiri mteja, nikawakuta wanaume wawili wanabishana ziwa lipi ni kubwa, Victoria au Tanganyika. Mmoja mwenyeji wa Ukerewe, mwingine kwao Kigoma. Wa Ukerewe anasema hata mtoto wa darasa la tatu anajua ni Victoria. Wa Kigoma anasema hilo lenu ni dimbwi tu. Robo saa haikupita, ziwa likawa limesahauliwa. Sasa wanaulizana nani kasoma na nani hajasoma, mmoja akainuka kwa hasira, kikombe kikamwagikia sahani ya kashata. Waliokaa pembeni wanachochea: "Mpe! Mpe!"

Na wote wawili walikuwa wanasema kweli. Victoria lina eneo la kilomita za mraba kama 68,800. Tanganyika lina kama 32,900, nusu halifiki. Lakini ukienda chini, Victoria kina chake kirefu kabisa ni kama mita 80, wakati Tanganyika linapita mita 1,400, na maji yake ni karibu mara saba ya maji yetu. Mmoja alikuwa anapima upana, mwenzake anapima kina. Hakuna aliyeuliza: ukisema kubwa, una maana gani?

Kwenye mdahalo swali hilo ndilo la kwanza. Msemaji wa kwanza anafafanua mada kabla hajatoa hoja hata moja, na upande wa pili ukiona ufafanuzi haufai, unasema mapema. Wale wawili wangemaliza kwa dakika tano na kahawa yao ingali ya moto.

Tofauti nyingine, na kwangu ndiyo kubwa zaidi, ni kwamba mbishi anaongea na mbishi mwenzake. Anataka mwenzake akubali hapohapo, na mwenzake akikubali mbele za watu ameaibika. Basi hakubali, hata kama moyoni ameshajua. Msemaji wa mdahalo anaongea na waliokaa kusikiliza, wao ndio waamuzi. Ndiyo maana kuna mwenyekiti, kuna mtunza muda, kuna zamu. Mwaka 1858 huko Illinois, Marekani, Abraham Lincoln na Stephen Douglas walifanya midahalo saba, hoja kubwa ikiwa kama utumwa uruhusiwe kuenea katika maeneo mapya ya nchi. Wa kwanza alisema saa nzima, wa pili saa moja na nusu, kisha wa kwanza akarudi kwa nusu saa. Ukimsikiliza mtu dakika 90 bila kumkatiza, huna budi kujibu alichosema, si kile ulichodhani atasema.

Sasa nije kwetu. Mwaka jana kikundi chetu cha akina mama kiligawanyika. Wengine tulitaka fedha za kikundi zijenge chanja za kuanikia dagaa, wengine wakasema mchanga unatosha. Vikao viwili viliishia kwa kununiana, mpaka madeni ya zamani yakafukuliwa. Binti wa mwenzetu, yuko kidato cha tano, akasema: fanyeni mdahalo, na pande zipangwe kwa vikaratasi. Mimi niliyetaka chanja tangu siku ya kwanza nikaangukia upande wa kupinga.

Nilikasirika, sifichi. Lakini ningesema nini? Nikamfuata mama mmoja anayeanika chini miaka yote, nikamwambia, "Dada, nipe hoja zako, kesho nazisema mimi." Aliniangalia, akainama, akachota mchanga akaniwekea kiganjani. Ilikuwa saa saba mchana, jua kali, nilishindwa kuushika. "Huu haunidai kodi," akasema. "Na hizo chanja mtazijenga kwenye kiwanja cha nani? Usiku dagaa wakijaa, watakaokosa nafasi mtawaweka wapi?"

Habari ya kiwanja alikuwa ameitaja kwenye vikao vyote viwili. Mimi sikuwa nimeisikia. Kila alipofungua mdomo nilikuwa nangoja amalize nimwambie kwamba dagaa wa mchangani wana mchanga unaokwaruza meno na wengi wanaishia kwenye chakula cha kuku kwa bei ya kutupa.

Siku ya mdahalo kengele yetu ilikuwa sufuria na mwiko, dakika tano kila mtu. Binti akaweka sharti moja: kabla ya kujibu hoja, uirudie kwanza mpaka mwenyewe aseme, "Ndiyo, ndivyo nilivyosema." Hapo ndipo sauti ziliposhuka. Na yule dada wa mchanga, kikaratasi kilikuwa kimemtupa upande wa kuunga mkono. Akasimama akaitetea chanja kuliko nilivyowahi kuitetea mimi. "Mteja akitafuna mchanga mara moja," alisema, "hata salamu hakupi tena." Hakuna aliyemcheka kwamba amegeuka, maana upande ule alipangiwa.

Tulipiga kura ya mikono. Zikapita chanja mbili badala ya tano, na zisijengwe mpaka mwenye kiwanja aandike makubaliano. Dagaa wa ziada wanaanikwa chini, juu ya nyavu kuukuu. Mimi na dada yule tunatumia chanja moja, kwa zamu.

Mbalamwezi ikiwa kubwa taa za wavuvi hazivuti dagaa, mitumbwi inapumzika na sisi tunapata nafasi ya kukaa. Mada ya kikao kijacho ni kama kikundi kianze kukopeshana kwa riba. Binti ameshakata vikaratasi.