Kiapo cha uraia Uingereza: usikate tiketi ya nyumbani kabla hujashika paspoti

Wengi wetu tukipata ile barua ya Home Office (wizara ya mambo ya ndani ya huku) kwamba ombi la uraia limekubaliwa tunaanza kupiga simu nyumbani, "nishakuwa raia". Hujawa bado. Uraia unaanza siku unayoapa. Mi hilo sikulielewa sawasawa na lilinitoa machozi, ndo maana naandika.

Niliapa mwezi wa tano, na tiketi ya Mombasa nishakata ya siku kumi mbele, mdogo wangu anaolewa Likoni. Nikajua paspoti ya Kenya ninayo, kibali cha kuishi ninacho, nitarudi navyo. Kumbe ukishaapa kile kibali kimekwisha, huwezi kukirudia, wewe sasa ni Mwingereza na wa kukurudisha ni paspoti ya Kiingereza, nayo huombi mpaka upewe cheti cha uraia siku ya hafla ya kuapa, na ukiomba unatuma cheti pamoja na ile paspoti yako ya zamani, kwa hivo unakaa mikono mitupu unangoja. Harusi nimeiona kwa WhatsApp. Kama una safari ya lazima, nenda kwanza urudi ndo uape, lakini hesabu siku vizuri maana barua inakupa miezi mitatu tu.

Tarehe ya kuapa unapanga na kaunsili, yaani serikali ya mtaa ya unakoishi, wapigie mapema. Hela ya hafla ya pamoja ushailipa ndani ya ada ya maombi, ukitaka ya peke yako ndo unaongeza. Beba barua na kitambulisho chenye picha. Wageni mara nyingi ni wawili, basi waambie watu mapema wasije wakanuna.

Mlangoni utaulizwa unaapa kwa jina la Mungu au unatamka bila kumtaja. Zote ni sawa kisheria, amua nyumbani. Maneno yenyewe ni kuwa mtiifu kwa Mfalme Charles wa Tatu na warithi wake, halafu ahadi ya kuheshimu haki, uhuru na sheria za nchi, mnasema pamoja kwa sauti. Yasome kabla. Mi niliyasoma jikoni wiki nzima na bado sauti ilinitetema, nimekaa hapa miaka kumi na moja nikisafisha wodi usiku, sikudhani maneno mafupi vile yatanishika.

Ukipewa cheti usikimbilie picha na Meya. Soma jina lako herufi kwa herufi, na tarehe ya kuzaliwa. Mama mmoja kwenye kundi letu jina la baba yake liliandikwa kombo, alivyoliona palepale alisema mapema, ingekuwa keshatuma maombi ya paspoti ingekuwa kazi nyingine.

Ndugu zangu wa Tanzania, nyinyi fikirini zaidi kabla ya kufungua mdomo, sheria ya kwenu haitambui uraia pacha kwa mtu mzima, ukiapa huku wa kule unaupoteza, na kama una shamba au nyumba ongea na wakili kwanza. Sisi Wakenya katiba ya 2010 inaturuhusu, ila sheria inataka utangaze ule uraia mwingine ndani ya miezi mitatu. Mi fomu yangu niliijaza nikiwa bado nangoja paspoti.